Penzi, Watoto na Salfeti ya Taka

Wenzetu wakienda Coco Beach hubeba taulo na mpira. Sisi tunabeba salfeti mbili na koleo la kushikia mkaa. Tulianza kwa hasira, tukaendelea kwa aibu, na sasa hatuachi. Kama na nyie mmeanza kuishi kwa kupishana koridoni, hebu kaa hapa kidogo usome.

Mpenzi msomaji, naomba nikiri mapema kabisa: mimi si mtu wa kuokota taka. Nimekulia kwenye nyumba ambayo uchafu ulikuwa na mtu wake wa kuuondoa. Nimesoma hadi chuo kikuu, ofisi yangu ina kiyoyozi na kucha zangu nazitunza. Ungeniambia miaka mitatu iliyopita kwamba Jumapili saa 12:30 asubuhi nitakuwa nimeinama Coco Beach, mume upande huu, watoto upande ule, tunagombania nani kaiona kandambili kwanza, ningekucheka mpaka machozi yanitoke.

Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kututaka wote tushike mafagio, na mimi nilitoka. Kusema kweli nilifagia dakika 20 na kupiga picha dakika 40. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wote kwa usafi wa nchi hii, mpaka siku binti yetu alipokanyaga chupa.

Siku mchanga ulipong'ata

Ilikuwa Jumapili jioni, unaijua Coco ya Jumapili jioni. Magari yamepangana Toure Drive yote, muziki kila kona, moshi wa mishkaki, mihogo inatoka motomoto kwenye karai na kurushiwa chumvi na pilipili. Watoto wetu wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 7, walikuwa wanacheza mpira hatua kumi tu kutoka tulipokaa.

Baba Watoto alikuwa kwenye simu. Na mimi, tusidanganyane, nilikuwa kwenye simu.

Tulichosikia ni kelele. Tulipofika, binti kakaa chini kashika mguu na mchanga umeshakuwa mwekundu. Kipande cha chupa ya bia kilikuwa kimezama chini ya unyayo. Sitaeleza sana, wenye watoto mnajua. Alishonwa nyuzi tano, na mimi ndiye niliyemshika mikono.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, hakuna aliyeongea. Watoto walipolala ndipo moto ulipowaka.

"Si ulikuwa unamwangalia wewe?"

"Mimi? Na wewe macho yako yalikuwa wapi, kwenye hiyo simu yako?"

Tukasemezana yote, hata yasiyohusiana na chupa. Yakaletwa ya mwaka juzi, yakaletwa ya mawifi, yakaletwa ya ada ya shule. Siku tatu zilizofuata tuliongea kwa lugha ya "chumvi iko wapi" na "geti limefungwa?" Ukweli ni kwamba hata kabla ya chupa ile tulikuwa tumeshazoea kuongea hivyo. Chupa ilitusaidia tu kuliona.

Mguu ukapona. Kilichokataa kupona ni kingine. Tulipompeleka tena ufukweni baada ya mwezi, binti aligoma kushuka kwenye gari. "Mama, mchanga unang'ata," akasema, na akamaanisha. Mtoto wa Dar, aliyezaliwa kilomita nne kutoka baharini, anaogopa mchanga!

Usiku ule Baba Watoto akaniambia, "Jumapili nitakwenda kuziokota zile chupa. Nataka aone mimi mwenyewe naziondoa."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe? Hata sahani uliyolia hujawahi kuiondoa mezani."

Akaenda kweli, yeye na kijana wake. Walirudi saa 3 wananuka jua na chumvi, wana salfeti nzima ya vioo na takataka, na wanacheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini kumwona mume wangu akicheka namna ile. Wivu ukanishika, nasema ukweli. Jumapili iliyofuata nikavaa raba na kumvalisha binti viatu vya mpira, tukaenda wote wanne.

"Jamani mhariri, mmefulia?"

Asubuhi Coco ni ya watu wengine kabisa: wakimbiaji, wazee wa mazoezi, watu wenye mbwa wao, akina mama wa mihogo wanaosafisha meza zao. Na sisi.

Dakika kumi hazijaisha, nikasikia sauti naijua. Mwenzangu wa fani, kavaa nguo za mazoezi zinazong'aa, kasimama ananiangalia na salfeti yangu. "Jamani mhariri, vipi tena, mmefulia?"

Alitania, lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kwetu sisi tuliosoma, kuinama kuokota kitu cha mtu mwingine kuna maana yake. Kuokota ni kwa asiyenacho. Nikajibu kitu cha kijinga, eti ni mradi wa shule wa watoto. Mwanangu akanitolea macho. "Mradi gani wa shule, mama?"

Basi hapo nikajiuliza: anayestahili kuona aibu ni nani, aliyeacha chupa au anayeiokota? Siwezi kusema aibu iliisha siku hiyo. Iliisha kidogo kidogo, kama wiki sita hivi, na kofia pana ilisaidia.

Kinachokaa kwenye salfeti

Kijana wetu anapenda hesabu, akaanza kuandika kwenye daftari. Jumapili moja ya kawaida, mwendo wa mita mia mbili, sisi wanne, saa moja na nusu: chupa za maji na soda 64, vizibo 112, mirija 31, vipisi vya sigara 140 kabla hajachoka kuhesabu, kandambili tisa na hakuna hata mbili zilizofanana, pampasi nne, vipande vya nyavu, miswaki miwili, na kichwa cha mwanasesere kilichomfanya binti apige kelele.

Wazo la kuhesabu wala si letu. Mwaka 1986 huko Texas, Marekani, wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliwaita watu wa kujitolea kusafisha ufukwe, wakawaomba waandike kila walichookota. Kutoka hapo likakua zoezi la kimataifa la usafi wa fukwe ambalo hufanyika kila mwaka mwezi Septemba katika nchi nyingi. Kwa kuandika unajua nini kinatoka wapi, na nani wa kuulizwa.

Kuna mambo nimeyajua uzeeni. Kile kichungi cha sigara, ile unayodhani ni pamba, ni nyuzi za plastiki. Hakiozi kama karatasi. Na plastiki yenyewe haiishi, inakatikakatika tu kwa jua na mawimbi mpaka inakuwa punje usizoweza kuziokota hata kwa koleo la mkaa. Ndiyo maana ni afadhali kuiwahi ikiwa bado chupa.

Lakini kitu kilichotunyamazisha wote kilikuwa kidogo sana. Binti alichomoa kwenye mwani kiroba cha pombe, vile vya kutoboa kwa meno. Mnavikumbuka? Vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kilikuwa kimepauka rangi, ila kizima, pembe zake zote nne. Baba yake akamweleza kwamba siku hizi haviuzwi tena, viliachwa miaka mingi.

"Mimi nilikuwepo?" akauliza.

"Hapana. Wewe umezaliwa Agosti mwaka huo."

Akakigeuza geuza. "Kwa hiyo hiki ni kaka yangu?"

Tulicheka, lakini mimi ilinichoma. Mtu alikunywa dakika moja, akatupa, akaendelea na maisha yake. Mimi nikabeba mimba, nikazaa, nikanyonyesha, mtoto akaota meno, akayang'oa, akaanza shule, na kile kiroba kipo tu kinamsubiri. Na mifuko ya rambo ni vivyo hivyo. Imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwenye maduka kweli imepungua sana, lakini ile ya zamani bado bahari inatutapikia.

Wakati wa masika ndiyo usiseme. Mto Msimbazi unashuka kutoka upande wa vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila kilichotupwa mtaroni njiani, mvua inakibeba. Kwa hiyo pampasi ya Tabata inaweza kabisa kumaliza safari yake Oysterbay. Tuache kusema "watu wa ufukweni wachafu". Wengi waliochafua ufukwe hawajakanyaga ufukweni mwaka mzima.

Makosa yetu mawili

Msituone wajanja. Tulikosea.

La kwanza, wiki tatu za mwanzo tulikuwa tukijaza salfeti, tunazifunga vizuri, tunaziacha karibu na pipa lililojaa, tunakwenda kunywa madafu. Roho zimetulia! Wiki ya nne tukawahi mapema kuliko kawaida, tukakuta kunguru na mbwa wamepasua kila kitu, upepo umemaliza kazi. Mama mmoja wa mihogo alikuwa anafagia masalia yetu mbele ya meza yake.

Hakutukana. Alisema tu, "Wanangu, nyie mkishaondoka mnakuwa mmesafisha. Sisi ndio tunabaki nazo."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku hizi hatuokoti zaidi ya tunachoweza kuondoka nacho. Salfeti zinakwenda kwenye buti mpaka nyumbani, gari la taka la mtaa wetu linapita Jumatatu, na tunalipa kama taka nyingine. Huko nako ni dampo la Pugu Kinyamwezi, siyo peponi, lakini angalau haziko kwenye tumbo la kasa. Wapo kasa wanaotaga kwenye baadhi ya fukwe za huku kwetu, kuanzia pwani ya kusini mwa Kigamboni hadi Mafia, na mfuko unaoelea kasa huweza kuudhani chakula.

Kosa la pili lilikuwa chungu zaidi. Tulikuwa tunajivunia chupa zetu 64. Asubuhi moja kijana mwenye gunia mgongoni akatusogelea, mpole kabisa. "Samahani braza, samahani sista. Mnajua hizo ni riziki yangu?"

Chupa za plastiki huuzwa kwa kilo. Yeye huamka saa 10 usiku kuzifuata, na sisi, familia yenye gari, tulikuwa tunazipeleka dampo tukijiona watakatifu. Baba Watoto alimwomba radhi palepale. Tangu siku hiyo chupa zina salfeti yake, tunamkabidhi yeye. Na yeye ndiye aliyetufundisha kuusoma ufukwe: kwamba takataka hazilali popote, zinalala kwenye ule mstari wa mwani ambapo maji yaliishia, na kwamba ukiufuata mstari huo hupotezi muda kuzunguka mchanga mzima.

Alichoniambia akiwa ameinama

Sasa nifike kwenye lile ambalo gazeti hili linatakiwa kuliandika, yaani mapenzi.

Wote tumesoma makala za mawasiliano kwenye ndoa. Zima televisheni, kaeni mtazamane, shikaneni mikono, semeni yaliyo moyoni. Nimezihariri mwenyewe hizo makala! Kwetu hazikufanya kazi. Tukikaa kutazamana, mume wangu anakuwa kama mtu aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu. Mimi nauliza, yeye anajibu "hakuna kitu", mimi nakasirika, yeye anakwenda kulala.

Ufukweni hakuna kutazamana. Kila mtu macho chini. Unatembea, unaokota, mwenzako yuko hatua mbili pembeni yako, mawimbi yanapiga kelele kiasi kwamba ukisema kitu cha kijinga unaweza kujifanya hukukisema. Tulianza kwa mambo madogo. Unaona hii? Ya nani hii? Unakumbuka ile safari ya Bagamoyo?

Jumapili ya tano au ya sita, watoto wakiwa mbele wanakimbizana na kaa, Baba Watoto akaniambia akiwa ameinama, mkononi kashika chupa ya maji isiyo na kizibo:

"Mkataba wangu hawauongezi. Unaisha mwezi ujao."

Nikasimama. Yeye hakusimama.

"Umejua lini?"

"Ile Jumapili ya mguu. Ile simu niliyokuwa naisoma ndiyo hiyo."

Jamani! Miezi mitatu. Miezi mitatu mtu analala pembeni yangu na jambo kama hilo, na mimi nimemwekea kinyongo kwa ajili ya simu. Nilikasirika sana, msidhani nilimkumbatia kama kwenye filamu. Nilikasirika kwa sababu aliniacha nipange sikukuu, nimwahidi mama kumtengenezea paa, niwalipie watoto kozi ya kuogelea. Nikamwambia yote hayo, kwa sauti ambayo mama wa mihogo bila shaka aliisikia.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilishindwa kukwambia nyumbani. Nyumbani kila kitu ni cha mshahara ule. Ukikaa kwenye kochi, ni la mshahara ule."

Sikuwa na jibu. Nikaokota kizibo. Nikaokota kingine. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa ufukwe, hatuongei, lakini hatukuwa tumenuniana. Kuna tofauti, na waliooana wataielewa.

Miezi minne iliyofuata tuliishi kwa mshahara wangu mmoja. Tuliacha hoteli, tuliacha sinema, kozi ya kuogelea ikafa. Yule mwenzangu wa fani angeniuliza tena kama tumefulia, ningemjibu ndiyo bila kona. Lakini Jumapili asubuhi haikuwa na kiingilio. Mafuta ya gari na mihogo ya watu wanne, basi. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya wiki ambayo watoto hawakuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Sasa Baba Watoto ana kazi nyingine, mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Bado tunagombana. Bado sahani haziondoi mezani zote. Sitakudanganya kwamba kuokota taka kunatibu ndoa. Ninachosema ni kwamba kulitupatia saa mbili kwa wiki za kufanya kitu kimoja kwa pamoja, mikono ikiwa imejaa na simu ziko garini. Hizo saa mbili hatukuwa nazo kabla.

Na kesho zikirudi?

Swali hili ninaulizwa kila mahali. "Si kesho zinarudi?" Ndiyo, zinarudi. Sahani nazo kesho zinachafuka, mbona tunaosha?

Mwanangu alilijibu vizuri kuliko mimi. Alikuwa amesikia habari za Flipflopi, lile jahazi la Lamu lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, kisha likavishwa kandambili kama 30,000 za rangi zote. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, fundi wa majahazi wa hukohuko Lamu. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita kama 500, likisimama njiani kuongea na watu kuhusu taka. Kijana akaangalia kandambili zetu tisa, akapiga hesabu. "Tumebakiza elfu ishirini na tisa mia tisa tisini na moja." Hatutajenga jahazi. Lakini mtoto anayehesabu zilizobaki hajakata tamaa, na mimi nani nikate?

Tena kuna kitu kimebadilika nyumbani bila mtu kutoa amri. Hatununui tena katoni za chupa ndogo za maji, kila mtu ana chupa yake. Mirija watoto wanaikataa wenyewe hotelini, mpaka wahudumu wanashangaa. Ukishaokota mirija 31 kwa mkono wako, wa 32 unakuwa na sura.

Kabla hamjatoka nyumbani

Kama mmeshawishika, haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama zetu wenyewe:

1. Angalieni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa Dar maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Mkifika saa 12:30 mnakuta yanarudi nyuma na yameacha mstari wa taka tayari kwa kuokotwa. Siku nyingine, ulizeni wavuvi. Hawajawahi kukosea.

2. Viatu kwanza. Raba au viatu vya mpira vya kufunika vidole, kwa wote, hata kwa baba anayejifanya mgumu. Glovu za mpira za jikoni zinatosha. Koleo la mkaa ni la watoto, wanalipenda kuliko mdoli.

3. Vitu vitatu mtoto haokoti kamwe: vioo, mabomba ya sindano na pampasi. Akiona, anasimama palepale na kuita "mkubwa!" Vioo vina ndoo yake, siyo salfeti, maana salfeti inatoboka na mguu wako uko pembeni.

4. Mwani, makombe na magogo yaacheni. Siyo taka. Mwani unashika mchanga na una wenyeji wake ndani.

5. Muulizeni anayeishi kwa chupa. Kama yupo, chupa ni zake.

6. Mjue taka zinakwenda wapi kabla ya kuokota ya kwanza. Kama hamna jibu, okoteni kidogo.

7. Simu garini. Picha moja mwishoni, kama lazima. Sisi wiki moja tulijipiga sana, tukatuma kila kundi la WhatsApp, tukajikuta tunasubiri pongezi badala ya kuokota. Tukaacha.

8. Saa moja na nusu inatosha. Mtoto aliyechoka na kuungua jua hatarudi wiki ijayo. Maji ya kunywa, kofia, na baadaye kitu kitamu.

Mchanga

Binti yetu, zaidi ya mwaka mzima, aliokota akiwa na viatu vyake vya mpira na hakuvivua hata kwa kukaa. Hatukumlazimisha. Kila Jumapili alikuwa na kazi moja aliyojipa mwenyewe: kukagua ile sehemu alipoumia. Anatembea taratibu, koleo mkononi, kama askari wa doria, kisha anaripoti kwa baba yake. "Leo viwili." "Leo kimoja." "Leo hamna."

Mwezi uliopita tulimaliza kazi, tukakaa kwa yule mama wa mihogo, ambaye siku hizi hutuwekea benchi na kunikaripia nisipokuja. Nilikuwa naongea na Baba Watoto kuhusu paa la mama, ambalo sasa angalau lina bati nusu. Nikageuka kumpa binti sahani yake, nikakuta viatu viwili vya mpira vimekaa peke yao chini ya benchi.

Yeye alikuwa majini na kaka yake.

Sikusema kitu. Baba Watoto naye aliona, hakusema kitu. Akasogeza sahani yangu ya mihogo pembeni, akachukua na ile aliyomaliza yeye, akampelekea mama wa watu zote mbili.